Akiba ya wanafunzi: Kufuli likizidi ugumu, sanduku hubaki tupu

MEZA zimepangwa katika uwanja wa shule ya msingi. Juu yake kuna kalamu, madaftari, rula na vifaa vingine vya masomo. Wanafunzi wa madarasa ya juu wamepiga foleni, kila mmoja akisubiri kupokea akiba aliyoiweka kidogo kidogo muhula mzima.

Katika shule moja, mtoto anakabidhiwa pesa taslimu. Akitaka atanunua daftari, akitaka ataondoka na shilingi zake mfukoni. Katika shule nyingine, mwenzake anakabidhiwa vocha isiyoweza kununua kitu kingine ila vifaa vya masomo.

Mzazi akiulizwa ni mpango upi unaomfaa mwanawe, huenda akachagua ule wa vocha bila kusita. Pesa taslimu mikononi mwa mtoto wa miaka 12, atasema, ni peremende na mandazi.

Lakini mipango hiyo miwili ilipojaribiwa katika shule za msingi nchini Uganda, mambo yalikwenda kinyume. Watoto walioahidiwa pesa taslimu ndio walioweka akiba zaidi. Na pale ambapo wazazi walihusishwa, hao hao ndio walionunua vifaa vingi zaidi vya masomo.

Matokeo hayo yana uzito kwa yeyote anayetaka kufundisha watoto mambo ya fedha, awe mwalimu, mzazi au shirika. Yanaonyesha kwamba somo la akiba haliishii ubaoni. Mtoto huangalia pia ni nani atakayeshika ufunguo wa sanduku.

Bei ya kalamu haikufutwa

Uganda iliondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka wa 1997, na Kenya ikafanya hivyo Januari 2003. Mamilioni ya watoto ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani.

Hata hivyo, kufutwa kwa karo hakukufuta bei ya kalamu. Madaftari, sare, viatu na seti za hesabati zilibaki mzigo wa mzazi. Mtoto asiye na daftari huketi darasani kama mgeni: anasikia somo, lakini hana pa kuliandika.

Kwa familia za wakulima, ugumu si uhaba wa pesa peke yake. Ni wakati. Mahindi huvunwa na kuuzwa mara moja, mara nyingi bei ikiwa chini kwa kuwa kila mtu anauza. Shule zinapofunguliwa, pesa za mavuno zimekwisha kulipa deni la mbolea, dawa za hospitali na mahitaji mengine ya nyumbani.

Watoto wenyewe nao hupata vishilingi hapa na pale. Kuna anayetumwa dukani akaachiwa chenji, anayeuza mapera njiani na anayepewa sarafu na shangazi siku ya kutembelewa. Pesa hizo ni kidogo na hupita upesi. Swali ambalo mashirika ya elimu ya fedha yamekuwa yakijiuliza ni kama vishilingi hivyo vinaweza kukusanywa vikawa daftari na kalamu muhula unapofika katikati.

Mwanafunzi akiweka Sh10 kila wiki, baada ya wiki 12 atakuwa na Sh120. Kwa mtu mzima hizo si pesa za kuzungumziwa. Kwa mtoto aliyekuwa akikopa kalamu kwa jirani yake wa dawati, ni uhuru.

Shirika lenye jina la mwanafalsafa

Miongoni mwa mashirika yanayojulikana zaidi katika kazi hii ni Aflatoun, ambalo makao yake makuu yako mjini Amsterdam, Uholanzi. Waswahili waliopitia vitabu vya zamani hawatalishangaa jina hilo. Ndiyo Aflatuni, jina la Kiarabu la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale.

Watoto wanaosoma vitabu vya shirika hilo hawakutani na mzee mwenye ndevu. Wanakutana na katuni ya kidude cha moto chenye macho na tabasamu, kinachowahimiza kuuliza maswali na kujaribu mambo wenyewe.

Mizizi ya mpango huo iko Mumbai, India, ambako ulianza mwaka wa 1991 chini ya Jeroo Billimoria, mtaalamu wa ustawi wa jamii. Billimoria ndiye pia aliyeanzisha Childline mwaka wa 1996, huduma ya simu ya kuwasaidia watoto walio hatarini nchini India kupitia nambari 1098.

Kazi yake miongoni mwa watoto wa mitaani na wa familia maskini ilimfunza jambo moja: mtoto maskini hushika pesa mapema kuliko mtoto wa tajiri, lakini hakuna anayemfundisha kuzitumia. Mwaka wa 2005, mpango huo ulitoka India na kuanza kusambazwa katika mataifa mengine.

Aflatoun haijengi shule wala kuajiri walimu. Huandaa vitabu na mafunzo, kisha hushirikiana na mashirika ya nchi husika, ambayo hubadilisha mifano ili iendane na mazingira yao. Nchini Uganda, mshirika wake amekuwa Private Education Development Network, maarufu kama PEDN.

Masomo yamegawanywa katika nguzo tano. Ya kwanza ni mtoto kujitambua. Ya pili ni haki na wajibu wake. Ya tatu ni kuweka akiba na kutumia. Ya nne ni kupanga na kufanya bajeti. Ya tano ni kuanzisha miradi midogo, iwe ya kuingiza kipato au ya kuisaidia jamii.

Ni nguzo mbili tu kati ya hizo tano zinazozungumzia pesa moja kwa moja. Wengi wa wanaousikia mpango huu kwa mara ya kwanza hushangaa kwa nini haki za mtoto zimechanganywa na hesabu za shilingi. Jibu la sehemu ya swali hilo lilijitokeza Ghana.

Pesa bila wajibu

Wazo la kuweka akiba shuleni si geni duniani. Mwaka wa 1866, profesa wa sheria François Laurent alianzisha akiba za wanafunzi katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Nchini Marekani, shirika la Junior Achievement lilianzishwa mwaka wa 1919 likiwafundisha vijana kuunda kampuni ndogo, kutengeneza bidhaa na kuziuza. Kilichochelewa ni kupima kama mafunzo hayo yanabadilisha chochote.

Nchini Ghana, watafiti James Berry, Dean Karlan na Menno Pradhan walifuatilia shule 135 za serikali, za msingi na za sekondari ya chini. Shule hizo ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata mpango kamili wa Aflatoun, unaochanganya fedha na masuala ya kijamii. La pili lilipata masomo ya fedha peke yake. La tatu halikupata chochote, ili liwe kipimo. Makundi mawili yaliyofundishwa yalikuwa pia na klabu ya akiba baada ya masomo, pamoja na sanduku lenye kufuli.

Miezi tisa baadaye, wanafunzi wa makundi yote mawili walikuwa wakiweka akiba shuleni kuliko wenzao. Lakini sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa imehamishwa tu: zilizokuwa zikiwekwa nyumbani sasa ziliwekwa shuleni. Mabadiliko mengine yalikuwa machache.

Jambo moja liliwafanya watafiti kukuna kichwa. Watoto waliofundishwa fedha peke yake walianza kufanya kazi za kutafuta pesa zaidi kuliko wale ambao hawakufundishwa. Kwa waliofundishwa fedha pamoja na haki na wajibu, ongezeko hilo halikuonekana. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa vya kutosha kutolewa hukumu.

Hata hivyo, tahadhari yenyewe ni somo. Mtoto anayefunzwa kwamba pesa ni nzuri bila kufunzwa kwamba nafasi yake ni darasani anaweza kuyachukulia mafunzo hayo kuwa ruhusa ya kukimbilia soko. Katika maeneo ya majani chai, kahawa, mchele na uvuvi, ambako kazi ya siku hulipwa jioni, hilo si jambo la kubuni.

Uganda: Vocha au taslimu?

Jaribio la Uganda lilikwenda hatua zaidi. Wachumi Dean Karlan na Leigh Linden, wakishirikiana na PEDN pamoja na taasisi ya fedha ya FINCA, walihusisha shule 136 za msingi. Walilenga madarasa ya juu, ambako watoto tayari wana vishilingi vyao na ambako wengi huanza kuacha shule.

Wanafunzi walihimizwa kuweka chochote walichonacho, hata kama ni sarafu moja. Pesa ziliwekwa kwenye masanduku yenye kufuli shuleni, na kila mtoto akawa na rekodi yake. Muhula ulipogeuka, kila mmoja alirudishiwa alichoweka, na soko dogo la vifaa vya masomo likaletwa hadi shuleni.

Tofauti ilikuwa katika kurudishiwa. Katika fungu la kwanza la shule, akiba ilirudishwa kwa vocha ya vifaa vya masomo pekee. Katika fungu la pili, ilirudishwa taslimu: mtoto alihimizwa kuitumia kwa masomo, lakini hakuna aliyemlazimisha. Fungu la tatu halikuwa na mpango wowote. Aidha, katika baadhi ya shule wazazi waliitwa kwenye mafunzo wakaelezwa mpango huo na jinsi ya kuwaunga mkono watoto wao.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014. Shule za pesa taslimu zilikusanya akiba zaidi ya shule za vocha. Ambapo pesa taslimu ziliandamana na mafunzo ya wazazi, watoto walikuwa na vifaa vingi zaidi vya masomo, na alama zao katika mtihani wa lugha na hesabu zikapanda.

Mpango wa vocha, ambao kwa karatasi ulionekana kuwa salama zaidi, haukuonyesha faida yoyote katika mambo hayo.

Ni vyema pia kusema kile ambacho hakikubadilika. Mahudhurio ya wanafunzi hayakuongezeka katika mpango wowote. Idadi ya waliobaki shuleni haikubadilika pia. Sanduku la akiba halikuwa dawa ya kila ugonjwa. Liliponya ule mmoja ambao lilikusudiwa, wa mtoto kukaa darasani bila kalamu.

Kwa nini kufuli legevu lilishinda

Kueleza jambo hili si vigumu kwa mtu aliyewahi kuishi kwa kipato kisicho na uhakika. Pesa zilizofungwa kabisa ni pesa ambazo haziwezi kukuokoa. Mama akiugua katikati ya muhula, vocha ya madaftari haimnunulii dawa. Mtoto wa familia maskini analijua hilo, kwa hiyo anaweka kidogo, au haweki kabisa.

Mtoto mwenye uhakika kwamba pesa ni zake na zitarudi zikiwa pesa huweka bila hofu. Na akishazipata akiwa amesimama mbele ya meza yenye madaftari, huku mzazi wake akijua mpango ulivyo, mara nyingi hufanya lile lililokusudiwa.

Hapo ndipo mzazi anapoingia. Bila yeye kuelezwa, pesa taslimu za mtoto zinaweza kufika nyumbani zikawa za kila mtu. Akielezwa, anakuwa mlinzi wa mpango. Kufuli lililohamishwa kutoka kwenye vocha huwekwa katika makubaliano ya nyumbani.

Ushahidi unaofanana na huo ulipatikana Kenya, tena miongoni mwa watu wazima. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama 113 vya kupokezana fedha kwa zamu katika eneo la magharibi. Walitaka kujua ni kipi kingewasaidia wanachama kuweka pesa za afya.

Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakakabidhiwa wao wenyewe. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi hadi mwenye sanduku afikishe lengo lake.

Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013, sanduku ambalo mwenyewe alishika ufunguo liliongeza kwa asilimia 66 pesa zilizowekwa katika bidhaa za kinga ya afya, kama vile vyandarua. Lile ambalo ufunguo ulishikwa na mtu mwingine halikufua dafu katika ununuzi wa kinga. Kutenga akiba kwa lengo maalumu kulisaidia tu pale ilipotengwa kwa dharura, au kwa watu ambao jamaa na marafiki huwaomba pesa mara kwa mara.

Mipango iliyopitia chama chenyewe, ambako wanachama walichanga pamoja wakijuana, ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Kwa wakulima wa Kenya, hilo halihitaji kufafanuliwa. Chama hakina kufuli la chuma, ila macho ya wenzako.

Elimu inayoacha mlango wa deni wazi

Kuna hatari nyingine ambayo walimu wa somo hili wanapaswa kuikumbuka: mtoto anaweza kufunzwa kuweka akiba na bado akaanguka kwenye madeni.

Nchini Brazil, elimu ya fedha iliingizwa katika masomo ya kawaida ya sekondari na kujaribiwa katika shule 892 za majimbo sita kati ya 2010 na 2011. Wanafunzi waliongeza maarifa na kuweka akiba zaidi. Wazazi nao, waliohusishwa kupitia kazi za nyumbani na warsha, wakajifunza.

Lakini wanafunzi hao pia waliongeza ununuzi kwa mkopo na kulipa kwa awamu. Walielewa jinsi mkopo unavyofanya kazi, na kuelewa kukawapa ujasiri wa kuuchukua.

Kenya ina sababu ya kulitazama jambo hilo kwa makini. M-Pesa ilizinduliwa mwaka wa 2007, na mwishoni mwa 2012 ikaja M-Shwari, iliyowezesha mtu kuweka akiba na kukopa kwa simu bila kukanyaga benki. Tangu hapo mikopo ya simu imeongezeka, pamoja na michezo ya kamari inayolipiwa kwa simu hiyo hiyo.

Kijana anayemaliza shule na kupata kitambulisho anakutana na milango hiyo yote siku moja. Akiwa amefunzwa akiba peke yake, hajafunzwa nusu ya somo. Anahitaji kujua kwamba ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa mwezi mmoja si asilimia 7.5 kwa mwaka; akiurudia mkopo huo kila mwezi, kwa mwaka atakuwa amelipa ada ya asilimia 90 ya kiasi alichokopa. Hesabu hiyo inamfaa kuliko hotuba nyingi za kumwonya dhidi ya madeni.

Kuku, mboga na daftari la hesabu

Shule za mashambani zina kitu ambacho shule nyingi za mijini hazina: ardhi. Nguzo ya tano ya Aflatoun, ile ya miradi midogo, huota mizizi kwa urahisi pale penye shamba la shule.

Kenya si ngeni kwa jambo hili. Klabu za 4-K, ambazo herufi zake zinasimamia Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilifundisha vizazi vya wanafunzi kulima na kufuga kabla ya kufifia. Mwaka wa 2021 serikali ilizifufua. Aidha, Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019 unataja maarifa ya fedha miongoni mwa masuala yanayopaswa kupenya katika masomo mbalimbali.

Kinachokosekana mara nyingi ni daraja kati ya jembe na daftari. Wanafunzi hupanda sukuma wiki, huimwagilia, huivuna, kisha mwalimu huiuza na pesa hazionekani tena katika mazungumzo yao. Wamejifunza kilimo, lakini hawajajifunza biashara ya kilimo.

Chukua mfano wa klabu yenye wanachama 20 inayonunua mbegu na mbolea kwa Sh1,500. Ikiuza mboga za Sh4,000, watoto wengi watasema wamepata Sh4,000. Mwalimu akiwaandikia ubaoni, wataona kwamba faida ni Sh2,500. Wakitenga Sh1,500 za msimu ujao ndani ya faida hiyo bila kuandika popote, mwisho wa mwaka watabishana pesa zilikwenda wapi.

Swali gumu zaidi ni la nafasi. Kipande hicho cha ardhi kingeweza kupandwa kitunguu badala ya sukuma wiki. Kuchagua kimoja ni kukiacha kingine, na kile kilichoachwa ndicho gharama halisi ya uamuzi. Wachumi wameandika vitabu vizima kuhusu jambo hilo. Mtoto aliyechagua kati ya mboga mbili hulielewa kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

Wanaotilia shaka

Si kila mtaalamu anayeamini kwamba elimu ya fedha inafaa. Mwaka wa 2014, watafiti watatu, Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer, walipitia tafiti 201 na kukuta kwamba mafunzo hayo yalieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia ya watu kuhusu fedha. Hoja yao ni kwamba mtu husahau, na somo lililotolewa miaka mingi kabla ya uamuzi halimsaidii anapolihitaji.

Tathmini nyingine kubwa, iliyochapishwa mwaka wa 2022 ikiongozwa na Tim Kaiser, ilichambua majaribio 76 kutoka nchi 33 yaliyohusisha watu zaidi ya 160,000. Hiyo ilikuta kwamba mafunzo huongeza maarifa na kuboresha tabia.

Pande hizo mbili hazipingani kama inavyodhaniwa. Somo linalobaki kichwani bila mahali pa kulitumia hufifia kama shairi lililokaririwa kwa ajili ya mtihani. Somo linaloandamana na sanduku, daftari la akiba na siku ya kupokea pesa lina nafasi ya kuzoeleka hadi likawa tabia.

Kuna pia malalamiko ya walimu, ambayo si ya kupuuzwa. Klabu ya akiba ni kazi ya ziada isiyolipwa. Mwalimu anayeshika pesa za watoto hubeba lawama hata zikipotea shilingi tano. Na shule ikipoteza akiba ya wanafunzi mara moja tu, watoto hao watakuwa wamefunzwa somo ambalo hakuna kitabu kitakachoweza kulifuta: kwamba akiba huliwa na wengine.

Shule inayotaka kuanza

Uzoefu wa Uganda, Ghana na Kenya unatoa mwongozo kwa shule au kikundi cha wazazi kinachofikiria kuanzisha klabu ya akiba.

Kwanza, waiteni wazazi kabla ya sarafu ya kwanza kuingia sandukuni. Waelezwe kwamba pesa ni za mtoto, lini zitarudi, na kwamba lengo ni vifaa vya masomo. Mzazi aliyesikia habari hizo mapema hatafikiri kwamba shule imeanzisha mchango mwingine kwa mlango wa nyuma.

Pili, sanduku liwe na kufuli zaidi ya moja, na funguo zishikwe na watu tofauti, mmoja wao akiwa mwanafunzi. Wanafunzi wachague wenyewe mwenyekiti, katibu na mwekahazina. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, ziandikwe katika daftari la klabu na katika kijitabu cha kila mtoto. Zikiongezeka, zisilale shuleni. Zipelekwe benki au kwenye chama cha akiba na mikopo.

Tatu, mtoto asilazimishwe kuweka, wala kiasi chake kisisomwe hadharani. Asiye na kitu wiki hiyo asiaibishwe. Klabu ikigeuka kuwa mahali pa kuonyeshana nani ana na nani hana, itawafukuza wale ambao ilianzishwa kwa ajili yao.

Nne, tarehe ya kurudisha iheshimiwe kama tarehe ya mtihani. Siku hiyo, muuza vifaa vya masomo aalikwe shuleni, na wazazi pia. Pesa zirudi zikiwa pesa.

Tano, mwanafunzi anayetaka kutoa akiba yake mapema kwa dharura aruhusiwe, kwa utaratibu unaojulikana. Mwalimu mwenye hofu kwamba watoto watazimaliza akumbuke yaliyotokea Uganda: shule zilizowaamini watoto ndizo zilizojaza masanduku.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, na mara nyingi methali hiyo hutumiwa kuhalalisha ukali. Katika jambo hili la akiba, ushahidi unaonyesha kwamba mtoto hakunjwi kwa kunyimwa ufunguo. Hukunjwa kwa kupewa ufunguo huo, pamoja na kijitabu cha kuandikia, huku mzazi na mwalimu wakiwa karibu kutazama anafungua lini na kwa ajili ya nini.